BARUA YA WAKILI NA FEDHA YA MSIMU

Ndugu Wanachama,

Baadhi yetu tunao watoto na jamaa Geita na Kahama, nchi ya dhahabu, nao hututaka tuwasaidie kununua kiwanja. Aghalabu kazi hiyo hupitia kwa wakili, na maagizo huja kwa barua pepe. Hapo ndipo ayari hujificha. Huziingilia barua za wakili, akazisoma kimya, na siku ya malipo huandika kwa jina lake: “Akaunti yetu imebadilika. Lipa leo. Usipige simu, nipo mahakamani.”

Mahakama ina daftari la mawakili, e-Wakili, litazameni. Lakini wakili kuwa wa kweli si dalili kwamba barua ni yake. Anayejua kutenga karafuu na makonyo na aisome anwani herufi kwa herufi. Kisha ampigie wakili kwa namba aliyopewa mwanzo, si iliyomo katika barua hiyo.

Ukiwa umekwisha kulipa, iarifu benki saa ile ile, kisha polisi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba ya simu ya tapeli ipeleke 15040.

Jasho la msimu mzima huondoka kwa dakika moja. Tahadhari kabla ya hatari.

Katibu