Wanaohesabu Maandishi ya Wasomi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona Henry Oldenburg akianzisha Philosophical Transactions mjini London, mwaka 1665, kwa gharama yake mwenyewe. Leo tunaingia kwenye hesabu, na jarida ni lile lile.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mwingereza Derek de Solla Price alikuwa akifundisha hisabati katika chuo cha Raffles, Singapore. Maktaba ya chuo ilikuwa bado inajengwa, basi majuzuu ya jarida hilo akayahifadhi nyumbani kwake. Akayapanga ukutani kwa mafungu ya miaka kumi kumi. Kila fungu lilizidi lililotangulia, wala si kwa kiasi kile kile: yalipanda kama deni la riba juu ya riba. Baadaye Price akakadiria kwamba maandishi ya sayansi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15.

Kabla yake, mwaka 1934, Samuel Bradford, mkutubi wa Makumbusho ya Sayansi ya London, alikuwa na shida ya kikutubi hasa: anunue majarida yapi? Akahesabu makala 1,332 za jiofizikia, akazikuta zimetawanyika katika majarida 326. Lakini majarida 9 tu yalibeba makala 429, karibu theluthi nzima. Mengine 59 yalibeba 499. Na 258 yaliyosalia yakagawana 404. Mwenye bajeti finyu hapo ameshajua pa kuanzia.

Hesabu hizi zilikusudiwa kupima majarida. Leo, kipimo cha athari kilichobuniwa na Eugene Garfield, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, hutumika kumpandisha mhadhiri cheo au kumnyima. Mizani ya magunia imepelekwa kwa sonara! Wastani wa jarida hausemi lolote kuhusu makala moja iliyomo.

Kwetu kazi bado ni mbichi. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi katika Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kulihesabu hakuhitaji mitambo; daftari lenye safu nne latosha: mwaka, mwandishi, mada, na lugha ya makala. Mimi ningeanza na hiyo ya nne, maana matoleo ya zamani yalisheheni Kiingereza, na mwaka ambao Kiswahili kilishika usukani wa jarida lake chenyewe unastahili kujulikana. Mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, rafu zile zinakungoja.