Usingizi Mwema ni Mali ya Mkulima

Wakulima wengi wa Borabu huamka saa kumi alfajiri ili wakamue ng'ombe na kuwahi maziwa barabarani. Kisha huingia katika shamba la chai, na siku ambayo lori limechelewa hungojea kituoni na majani yao hata usiku. Warudipo nyumbani bado kuna chakula, watoto na hesabu za shamba. Mwisho wa mambo hayo yote, kinachopunguzwa ni usingizi. Wengi hudhani kwamba hapana hasara, kwa kuwa mtu aliyelala hafanyi kazi yo yote. Hayo si kweli. Mtu alalapo, ubongo wake hufanya kazi ambayo hauwezi kuifanya vizuri mchana.

Tangu mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960 na kuwa skimu za wakulima, wenye ng'ombe wa gredi wamejifunza jambo moja: ng'ombe asiyepata nafasi ya kulala chini na kucheua hupunguza maziwa. Mwenye ng'ombe naye ni vivyo hivyo.

KAZI YA UBONGO USIKU

Usingizi si wa namna moja usiku kucha. Kuna usingizi mzito, na kuna usingizi wa ndoto ambao macho huchezacheza chini ya kope. Usingizi huu wa pili ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Aina hizo hupokezana, na mzunguko mmoja wa zote huchukua kadiri ya dakika 90. Wakati huo ubongo huchambua mambo ya mchana, kama karani apangavyo stakabadhi zake jioni: yaliyo na maana huwekwa, na yasiyo na maana huachwa. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza hesabu jana, akilala vyema, leo huzikumbuka. Akinyimwa usingizi, kazi ya mwalimu imepotea.

Tena, mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitangaza kwamba katika panya waliolala, maji yanayopita ubongoni yaliondoa taka upesi kuliko katika panya walio macho. Jambo hilo bado linachunguzwa. Huko Uingereza nako watu karibu 8,000 walifuatwa kwa miaka ipatayo 25. Habari zilizotangazwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba waliolala saa sita au pungufu walipokuwa na umri wa miaka 50 na 60 walipatwa na maradhi ya kusahau uzeeni zaidi ya wale waliolala saa saba.

HATARI YA MCHANA

Hasara nyingine haingojei uzee. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima watu waliokaa macho muda mrefu. Baada ya saa 17 bila kulala, walikosea kama watu waliokunywa pombe. Fanya hesabu mwenyewe: aliyeamka saa kumi alfajiri hutimiza saa 17 ifikapo saa tatu usiku. Ikiwa saa hiyo yuko juu ya pikipiki akirudi kutoka kituoni, au anasukuma majani ya ng'ombe katika mashine ya kukatia, yuko hatarini kama mlevi, ingawa hakuonja hata tone. Mashine haijui kwamba mwenyewe amechoka. Hata kipimo cha dawa ya kuogeshea ng'ombe huweza kukosewa na mtu anayesinzia, na hasira zisizo na sababu nyumbani mara nyingi hutokana na usingizi uliokatizwa.

SAA ZINAZOFAA

Mtu mzima yampasa kulala saa saba au zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Kwa hiyo mtu wa kuamka saa kumi alfajiri awe amelala saa tatu usiku. Siku ya lori kuchelewa, baba na mama wapokezane: aliyekaa kituoni usiku asiwe yule wa kukamua alfajiri. Kama hilo haliwezekani, nusu saa ya kulala baada ya chakula cha mchana husaidia, wala si uvivu.

MAMBO YA KUFUATA

1. Chai ni mali yetu, lakini ina kafeini, dawa inayofukuza usingizi. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo mwilini. Jioni mpe kila mtu uji au maziwa.

2. Usitumie pombe kama dawa ya usingizi. Huleta usingizi upesi, kisha huukatiza usiku wa manane.

3. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Mbu wa malaria huuma usiku, na homa huzidi Kisii na Nyamira baada ya mvua ndefu. Wazee wetu walilima pareto kwa wingi. Dawa inayotiwa katika vyandarua vya leo ni ya jamii iliyoigwa kutoka dawa ya ua hilo.

4. Usilale na jiko la makaa ndani ya chumba, hata baridi ikizidi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Aliyelala haimwamshi, humwua papo hapo kitandani. Jiko litolewe nje, na blanketi liongezwe.

5. Weka simu mbali na kitanda. Mwanga wake huuambia ubongo kwamba bado ni mchana.

6. Lala na kuamka saa zile zile kila siku, hata Jumapili.

Mtu akikoroma sana na pumzi yake kukatikakatika, au akikosa usingizi majuma kadhaa, aende kwa daktari. Hayo ni maradhi, na huweza kutibiwa.

Mkulima hodari hujua siku ya kupogoa chai, siku ya kutia mbolea na siku ya kuogesha ng'ombe. Na aijue pia saa ya kulala, kwa maana kazi zote hizo za kesho zategemea kichwa kilichopumzika leo.