Kabla ya Kubandua, Soma Kwanza

Nyumba nyingi za mwambao zina rafu au sanduku moja lililojaa makasha ya diski za senema: za Kihindi, za Kiarabu, za mieleka, za Maulidi na za harusi za jamaa. Maduka mengi yaliyokuwa yakiziuza na kuzikodisha yamefungwa, kwani siku hizi watu hutazama senema katika simu zao. Lakini diski zenyewe zimebaki, na juu ya makasha zimebaki stika: stika ya bei, na juu yake stika ya bei nyingine, stika ya duka la kukodisha, na pengine kijikaratasi kilichoandikwa kwa mkono.

Mtu atakapo kulisafisha kasha lake, aghalabu huanza kwa ukucha, akaendelea kwa kisu, akamaliza kwa petroli. Matokeo yake ni plastiki iliyochunwa, picha iliyoingia madoa, na ulimbo uliobaki pale pale ukikusanya vumbi. Kazi hii ni ndogo, lakini ina njia zake, na mbele ya njia hizo pana swali ambalo wengi hawajiulizi: je, kibandiko hiki chafaa kutolewa?

ULIMBO USIOKAUKA

Gundi ya stika si kama gundi ya seremala. Ile ya seremala hukauka ikawa ngumu, na kwa ugumu wake hushika ubao. Hii ya stika imetengenezwa makusudi isikauke. Aghalabu ni mchanganyiko wa mpira na utomvu, au kemikali za jamii ya akriliki, na kazi yake ni kunata kwa kubonyezwa na kidole tu, bila maji wala moto. Aliyeifanya kuwa biashara kubwa ni Mmarekani R. Stanton Avery, aliyeanza kutengeneza stika za namna hiyo mjini Los Angeles mwaka 1935. Kwa hiyo diski za DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, stika zilikuwa zimekwisha kuenea dunia nzima, na kila duka lilikuwa na zake.

Gundi hii hulegea kwa joto na hukakamaa kwa baridi. Miaka ikipita, karatasi iliyo juu yake hukauka na kuwa dhaifu, na gundi huzidi kushikana na plastiki. Ndiyo maana stika ya juzi hutoka nzima, na ya miaka kumi huchanika vipande vipande. Tena maji matupu hayaiwezi, kwa kuwa haiyeyuki majini. Mafuta ndiyo yanayoingiliana nayo, yakailainisha mpaka ikaachia.

UJUE PLASTIKI YAKO

Makasha si mamoja. Lile jeusi la DVD, linalopindika kidogo bila kuvunjika, aghalabu limetengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini. Hiyo ni stahimilivu. Mafuta ya kupikia wala spiriti haziidhuru. Lakini lile kasha gumu linaloangaza kama kioo, ambalo likianguka sakafuni hupasuka pembe, ni la polistirini. Ndilo la diski za nyimbo, na mengi ya diski za VCD za senema za Kihindi yalikuwa ya namna hiyo. Ukilipaka petroli litayeyuka uso. Ukilipaka dawa ya kuondolea rangi ya kucha, yenye asetoni, litaingia ukungu usiotoka milele. Diski yenyewe nayo ni polikaboneti, na asetoni huiharibu vile vile.

Basi petroli na asetoni tuziweke mbali kabisa. Petroli ina hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni moto. Mvuke wake hushika cheche iliyo mbali na chupa, na hakuna kasha la senema lenye thamani ya nyumba.

TARATIBU NDIO MWENDO

Kwanza toa diski, uiweke mahali safi. Kisha chomoa karatasi ya picha kutoka ndani ya utando wa plastiki unaoizunguka DVD, kwani mafuta yakiifikia karatasi hiyo yataacha doa lisilofutika.

Pili, pasha stika joto. Draya ya nywele yatosha, ikishikwa mbali kidogo na kwa muda wa dakika moja hivi. Asiye na draya atie kitambaa katika maji ya moto, akikamue sana, akilaze juu ya stika, na kikipoa arudie. Joto liwe la kuvumilika kwa kiganja, maana ule utando wa nje ni mwembamba, na ukizidishiwa moto hujikunja na haurudi tena.

Tatu, inua pembe moja kwa ukucha au kwa kadi ya simu iliyokwisha kazi. Usitumie wembe. Pembe ikiinuka, ikunje irudi nyuma ilalie mgongo wake, uivute polepole ikifuata uso wa kasha. Anayeivuta juu kwa nguvu hubaki na nusu ya karatasi mkononi na nusu kashani.

Nne, ulimbo uliobaki uubonyeze kwa upande wa gundi wa ile stika uliyoitoa, uubandike na kuubandua mara kadhaa. Gundi huivuta gundi nyenzake, na sehemu kubwa itatoka kwa njia hiyo bila kitu kingine.

Tano, palipobaki utelezi wa kunata pana dawa katika kila jiko la pwani: mafuta ya nazi, au mafuta mengine yoyote ya kupikia. Paka kidogo, uache kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha sugua kwa kitambaa laini kwa kuzunguka. Ukiona vijipande vinajiviringa kama uchafu wa kifutio, jua kazi imefaulu. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu ili mafuta yasibaki kukusanya vumbi, ukaushe vizuri ndipo urudishe karatasi ya picha. Ikiwa bado pana alama, ipitie kwa pamba iliyotiwa spiriti ya hospitali, mbali na jiko na sigara, ukijaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

Stika iliyobandikwa juu ya karatasi ya picha yenyewe haifai mafuta wala maji. Hiyo ijaribiwe kwa joto kavu peke yake, na ikikataa iachwe.

DISKI YENYEWE USIIGUSE

Wako wanaobandua stika za juu ya diski kama wanavyobandua za kasha, na hapa ndipo senema hupotea. Katika CD na VCD, utando mwembamba wa madini unaobeba picha na sauti hauko chini tunapopaona panameta. Uko juu, karibu kabisa na maandishi, umefunikwa kwa rangi nyepesi tu. Stika ikivutwa, utando huo hutoka pamoja nayo. Ukiinua diski mbele ya taa utaona tundu la mwanga, na palipotoboka hapana tena senema wala nyimbo, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

DVD ina nafuu kwa kuwa imeundwa kwa sahani mbili za nusu milimita na kidogo zilizogandishwa pamoja, na madini yakawekwa katikati. Hata hivyo, diski iliyobanduliwa stika nusu huzunguka kwa kuyumba, na mashine hushindwa kuisoma. Ikiwa diski inacheza na stika yake, iacheze. Jambo la busara ni kuinakili mapema mahali pengine kabla haijachoka.

VIBANDIKO VYA KUACHWA

Sasa turudi kwenye lile swali. Stika ya bei haina wa kuililia. Lakini si kila stika ni ya bei.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hupanga senema kwa madaraja: GE ni ya watu wote, PG huhitaji uangalizi wa mzazi, na 16 na 18 ni umri. Alama hiyo ikiwa kwenye kasha, ni mlinzi aliyesimama mlangoni. Mzazi anayeibandua kwa kupenda kasha safi amemwachia mtoto mlango wazi. Vile vile Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliweka alama ya kuthibitisha uhalali wa kazi za sauti na picha zinazouzwa. Kuitoa ni kumnyima mnunuzi wa baadaye ushahidi wa alichonunua.

Iko pia stika inayoeleza lugha. Chukua senema ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 iitwayo The Message, ambayo nyumba nyingi za Waislamu zinayo. Ilipigwa mara mbili kwa waigizaji mbalimbali: katika ile ya Kiingereza Anthony Quinn ndiye aliyeigiza Hamza, na katika ile ya Kiarabu ni Abdullah Gaith. Kama ni stika peke yake inayosema ipi ni ipi, aibanduaye amezichanganya.

Stika yenye jina la duka au la jirani nayo ina hukumu yake. Kitu cha watu ni amana, na kufuta jina la mwenyewe si usafi. Kirudishwe kwanza kwa mwenyewe, au wewe na yeye muelewane, ndipo gundi ishughulikiwe.

Lakini kinachopotea zaidi kuliko vyote ni kile kijikaratasi cha mkono: harusi ya fulani, mwaka fulani, taarabu ilipigwa na fulani, au Maulidi ya Lamu ya mwaka fulani, na jina la aliyesoma. Diski hizo hazikuchapishwa kiwandani, hazina karatasi ya picha wala orodha ya majina. Kijikaratasi hicho ndicho cheti chao cha kuzaliwa. Kikitoka, wajukuu watatazama nyuso za watu wasiowajua wakiimbiwa na mwimbaji asiye na jina.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kutaka kasha jipya na achukue kwanza kalamu, anakili kila neno lililoandikwa, hata lile ambalo limekosewa, awaulize wazee wa nyumba majina yaliyofifia, na karatasi hiyo aitie ndani ya kasha. Mafuta ya nazi hayataharibika kwa kungojea siku moja.