Mbele ya kununua bwate ingine, muangalie mafuta

Siku ya posho, kisha mushahara kutoka, magaraje ya Kolwezi inajaa sawa soko. Tulikaa pa moja tangu asubui, tukiangalia nini inaleta watu. Nyingi ni motokari za okazio za Japani, usukani ku mukono wa kuume, zenye zilishukia Dar es Salaam, zikakata Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Karibu zote ni otomatiki. Na malalamiko tulisikia mara na mara ni mbili tu: «Inatetemeka», ao «Inanguruma lakini haitembee».

Baba mumoja, dereva wa bene mu mine, alileta Toyota IST yake. Aliinunua na franga ya kuweka miaka mingi. Siku za kazi bibi yake anabebea mule bunga mpaka soko, na ile bunga njo inalipa minervali ya watoto. Tangu wiki mbili, ikifika 60 ao 70 kwa saa, motokari inatetemeka sawa vile inapita juu ya changarawe, hata mu lami nzuri. Garaje ya kwanza hawakufungua kintu. Walimuambia: «Papa, bwate ilisha kufa. Utafute ingine.» Bei yenye walimutajia ilikuwa minervali ya mwaka muzima.

Tuseme kwanza ginsi ile kintu inatumika. Motokari ya mukono iko na ambreyaje, yenye mguu unakanyaga. Otomatiki haina ile; pa nafasi yake kuko konvertisere, chungu cha chuma cha muviringo kati ya motere na bwate, kimejaa mafuta. Mukamate vantilatere mbili, muziangalishe uso kwa uso, muwashe moja: upepo wake utazungusha ya pili. Mu konvertisere, mafuta njo ule upepo. Motere inazungusha panga za upande mumoja, mafuta inarukia panga za upande mwingine, motokari inatembea. Ukisha kushika mwendo, ambreyaje ndogo ya ndani inafunga pande mbili pamoja, mafuta isipoteze nguvu bure. Kutetemeka kwa 60 ao 70, mara nyingi ni ile ambreyaje ndogo yenye inashika na kuachia, inashika na kuachia, juu mafuta imechoka.

Kwa hiyo mafuta ya bwate haiko ya kulainisha tu. Inasukuma motokari, inafungisha vitesi, inaondoa moto. Ikichomeka, vyote vinaharibika pamoja.

Yule baba alicheka wakati fundi alimuelezea. Bene yake ya mu mine nayo iko na konvertisere, kubwa sana. Kule vidanji inafanywa kwa kuhesabu masaa, tena wanapeleka mafuta kidogo ku laboratware kuangalia kama kuko unga wa chuma. Hawezi kupanda asubui bila kuzunguka mashini na karatasi mu mukono. Lakini IST yake, tangu Kasumbalesa, hakuna mutu alishafungua kizibo cha bwate. Wengi wetu tuko vile. Siye pia motokari yetu ya kazi tuliiacha miaka mbili.

Fundi alifanya mambo mbili mbele ya kusema bei. Kwanza alitoka na motokari mu barabara ya wazi. Ilipoanza kutetemeka, aligusa freni kidogo sana, bila kuachilia gazi. Kutetemeka kulikatika palepale. Kugusa freni kunafungua ile ambreyaje ya konvertisere. Kama kutetemeka kunaisha, shida iko kule. Kama kunaendelea, mutafute kwingine: buji, bobine, ao vyenye kushikilia motere. Kuko watu walilipa bwate kumbe ilikuwa buji moja. (Musijaribu mukiwa na watoto ndani, wala kama kuko lori nyuma yenu.)

Kisha alipima mafuta. Ku Toyota nyingi zenye kijiti, inapimwa motere ikiwa moto na inazunguka, pahali pa sawa, kisha kupitisha mukono mu nafasi zote na kurudisha ku P. Ku Honda nyingi motere inazimishwa kwanza. Mafuta mazima ni mekundu, tunaona kupitia. Yakiwa meusi na harufu ya kuungua, palaki za bwate zimeanza kuisha. Yakiwa sawa maziwa yenye walitia grenadini, maji yameingia: mara nyingi ni radiatere, kwa sababu mafuta ya bwate inapoa mu bomba ndani yake. Wenye kutia maji ya robine mu radiatere kila siku wanaliotesha kutu, siku moja ile bomba inatoboka. Hapo musiwashe tena hata mara moja.

Ya yule baba ilikuwa kahawia, bila harufu ya kuungua. Fundi akamuambia: «Shefu, haina kufa. Iko na nyota.»

Sasa mafuta gani? Hapa njo watu wanaanguka. Kila kintu chekundu mu bidoni hakiko sawa. Toyota za zamani zinaomba T-IV, za kisha zinaomba WS, yenye ni nyepesi, na hazichanganyike. Motokari za CVT, zenye mukanda wa chuma, zinaomba mafuta yao peke. Mukitia ya otomatiki ya kawaida, mumeziua. Jina linaandikwa ku kijiti ao mu kitabu. Mama wa pale nyumbani aliomba bidoni ikuje imefungwa, ifunguliwe mbele yake. Alikuwa na haki.

Vidanji moja inatosha nusu tu ao pungufu, ingine inabaki mu konvertisere. Fundi alitosha, akatia, akamuambia arudi kisha kilometa mia tatu kwa mara ya pili. Aliporudi, kutetemeka kulikuwa kumeisha. Yote mbili pamoja haikufika hata bei ya kusafirisha bwate kutoka Lubumbashi.

Jirani yake hakuwa na ile nyota. Yake ilizimika karibu na Likasi, akaivutisha na kamba mpaka Kolwezi, magurudumu ya mbele chini. Otomatiki motere ikilala, pompi ya mafuta nayo inalala. Bwate inazunguka kavu. Ni sababu ileile haiwake kwa kuisukuma. Ilipaswa kupandishwa juu ya lori, ao kuinuliwa mbele. Ile siku ya posho ilikuwa pale pa garaje, bwate chini, palaki zake nyeusi zimepangwa juu ya karto.