Paneli za Sola Juu ya Paa la Kanisa la Kale: Je, Inafaa?

Parokia ikielemewa na gharama za umeme, siku hizi wazo linalokuja upesi ni sola. Kanisa likiwa jipya, mjadala ni mfupi. Likiwa la kale, linalolindwa na sheria, swali huwa zito: je, tuna haki ya kubadili paa tuliloachiwa na wazee wetu wa imani? Tutazame walivyofanya wengine.

Tuanze Vatikano, ambayo yote imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1984. Mwaka 2008, wakati wa Papa Benedikto XVI, paneli zipatazo 2,400 ziliwekwa juu ya Ukumbi wa Paulo VI, uliofunguliwa mwaka 1971. Zilishika nafasi ya vigae vya zege, na umbo la paa likabaki lile lile. Basilika ya Mtakatifu Petro, iliyo jirani, haikuguswa. Mwaka 2024, kwa Motu proprio "Fratello sole", Papa Francisko aliagiza mtambo wa umeme wa jua ujengwe Santa Maria di Galeria, nje kidogo ya Roma. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: kabla ya kupanda juu ya paa la kale, tutafute paa changa au kiwanja kilicho karibu.

Ikiwa hakuna, twende Uingereza, kwa ndugu zetu Waanglikana. Mwaka 2016 Kanisa Kuu la Gloucester liliweka paneli 150. Ukisimama chini huzioni, kwa kuwa zimefichwa na ukuta mfupi wa ukingo wa paa. Kesi ngumu zaidi ilikuwa Cambridge, katika kanisa la King's College, lililoanza kujengwa mwaka 1446. Mabati yake ya risasi yalikuwa yanafanyiwa ukarabati, na chuo kikaomba kuongeza paneli za sola. Historic England, chombo kinachoishauri serikali kuhusu majengo ya kale, kilionyesha wasiwasi kwamba mwonekano wa paa ungeharibika. Halmashauri ya jiji ilipima hasara hiyo dhidi ya faida kwa umma, na mwaka 2023 ikatoa kibali.

Tuone vizuri hapo. Sheria haikusema "ndiyo" kwa kila sola, wala "hapana" kwa kila jengo la kale. Ilitaka mizani. Na kwenye mizani hiyo sisi tunaona maswali matatu.

Kwanza, je, kazi hii inaweza kuondolewa? Paneli hudumu miaka ishirini na tano au thelathini hivi. Kanisa linapaswa kudumu karne nyingi. Vishikizo vinavyoweza kufunguliwa bila kuacha kovu ni tofauti na kutoboa mawe.

Pili, je, paa linabeba? Kenchi zilizoliwa na mchwa haziongezewi mzigo. Mvua ikipenya kwenye tundu moja la msumari, dari huoza kabla hatujajua. Ndiyo maana wakati bora ni ule ambao paa linakarabatiwa kwa vyovyote.

Tatu, je, tumeomba? Kanuni ya 1216 ya Sheria za Kanisa inadai ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati makanisa. Paroko na kamati ya ujenzi hawawezi kumaliza jambo hili wenyewe. Kuna Askofu, na kuna serikali. Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi.

Laudato si' inatuita tuitunze nyumba yetu ya pamoja, na waraka huo huo unataja urithi wa utamaduni kuwa sehemu ya nyumba hiyo. Kwa hiyo anayetetea jua na anayetetea paa la kale si maadui. Wakae meza moja, fundi awepo, kabla msumari wa kwanza haujapigwa.