Kila Sikio na Ladha Yake

Akina mama wengi siku hizi tunaishi katika nyumba ambamo karibu kila mtu ana kitu masikioni. Baba amekaa barazani na spika ndogo za masikioni anasikiliza taarifa ya habari. Kijana amevaa hedifoni kubwa, anatikisa kichwa. Binti anaosha vyombo huku waya umemning'inia shingoni. Nasi wenyewe tukichambua kahawa hupenda kusikiliza kwaya.

Hapo ndipo maneno huanza. Mama akijaribu hedifoni za mwanawe huzivua mara moja: "Mwanangu, huu ni mngurumo tu, maneno yako wapi?" Kijana naye akivaa za mama hulalamika kwamba zimepooza kama uji usio na sukari. Je, ni nani kati yao mwenye masikio mabovu?

Mara nyingi hakuna. Lakini lipo jambo moja katika ugomvi huo ambalo si la ladha hata kidogo, nalo linaweza kumgharimu mtoto maisha yake yote. Tulitazame taratibu.

Mfano wa kwaya

Wanakwaya tunazijua sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Hedifoni ni kama mwalimu wa kwaya, maana ndiyo inayoamua nani asimame mbele. Baadhi huwaweka besi mbele, na ngoma na gitaa zito huujaza moyo, lakini maneno ya mwimbaji hufunikwa. Nyingine huwaweka soprano mbele. Kayamba husikika wazi, herufi "s" na "sh" hukata kama wembe, na baada ya saa moja msikilizaji huchoka. Zipo pia zinazojitahidi kuwapanga wote kwa usawa. Huo mpangilio ndio unaoipa kila hedifoni tabia yake ya sauti.

Kwa nini basi mmoja apende hii na mwingine ile? Kwanza, njia ya sikio ya kila mtu ina umbo lake, kwa hiyo hedifoni ile ile haisikiki sawa kwa watu wawili. Pili, umri. Sikio changa lenye afya husikia tangu mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini kadiri miaka inavyokwenda sauti nyembamba hupotea kwanza. Tatu, mazoea. Huku kwetu, kutoka Tingi hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, mtu aliyekua akisikia ngoma kubwa ya mganda na vibuyu vyake vinavyovuma, haishangazi akitaka mshindo. Aliyekua katikati ya nyimbo za kioda za akina mama huenda akatafuta sauti ya mwimbaji kwanza.

Nchini Marekani, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Waligundua kwamba wasikilizaji kama asilimia 64 walipenda sauti iliyopangwa vizuri, yenye besi ya kiasi. Asilimia 15 walitaka besi zaidi, wengi wao wanaume na vijana. Asilimia 21 walitaka besi ipungue, na humo wanawake na watu waliopita miaka 50 walionekana zaidi. Basi mama na kijana wanaogombana jikoni hawako peke yao duniani!

Bei si kipimo

Yupo kijana anayetaka fedha ya kahawa inunue hedifoni yenye jina kubwa. Ni kweli kwamba zipo za bei ya kutisha. HD 800 za kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani zilipotoka mwaka 2009 ziliuzwa kama dola 1,400 za Marekani. Hata hivyo, mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha hedifoni 283 na kutoa matokeo mwaka 2017: hakuona uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyozipanga sauti nene na nyembamba. Bei kubwa inaweza kuleta uimara na mito laini, lakini haiwezi kukuhakikishia sauti utakayoipenda. Tukumbuke pia kwamba Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alitengeneza hedifoni zake jikoni nyumbani, na mwaka 1910 Jeshi la Majini la nchi yake likazikubali.

Kabla ya kununua, vaa na usikilize wimbo unaoujua vizuri. Je, maneno unayapata yote? Je, besi inasikika bila kumfunika mwimbaji? Ukiona spika ndogo hazina besi, usikimbilie kuongeza sauti. Mara nyingi mipira yake haijaziba vizuri, na sauti nene huvujia nje. Badili mipira, uweke ya saizi nyingine.

Sauti kubwa si ladha

Sasa tufike kwenye lile jambo moja. Besi nyingi au chache ni hiari ya mtu, lakini ukubwa wa sauti ni suala la afya. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye seli za vinyweleo vidogo sana. Sauti kubwa ya muda mrefu huziua, na zikifa hazioti tena. Zinazoanza kufa kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba, ambazo hutuwezesha kutofautisha herufi kama "s," "f" na "t." Mtoto wa namna hiyo husikia kwamba mwalimu anasema, lakini hapati maneno. Sisi wauguzi tunajua jinsi mtoto kama huyo anavyoitwa mkaidi au mzito wa kuelewa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki, na kwa 100 ni kama dakika 20. Nyumbani, sauti ya simu isizidi asilimia 60. Ukiwa umbali wa mkono mmoja nawe unausikia wimbo wake, au inakubidi umpigie kelele ili akusikie, sauti imezidi. Ndani ya gari lenye kelele za injini vijana huongeza bila kujua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri husaidia kusikiliza kwa sauti ndogo. Mwenye sikio linalotoa usaha asivae kitu ndani ya sikio hadi apone, na spika za kuingiza sikioni zisiazimwe ovyo.

Mama mwenzetu, leo usianze na karipio. Mwombe kijana hedifoni zake, uzivae kama alivyoziacha, usikilize wimbo wake hadi mwisho. Besi yake mwachie. Kisha punguzeni sauti pamoja, wewe na yeye.