Mali bila daftari: maktaba za Eastlands na habari za askari wetu wazee

Leo nataka tutoke kidogo huku pwani twende Nairobi, upande wa Eastlands. Usione ni mbali. Makadara, Majengo, Kaloleni, Pangani: mtajie mtu wa Mombasa majina haya na atadhani unamuelekeza njia za huku kwetu. Kumbe yote ni majina ya mitaa ya Nairobi. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba aliyezaliwa Majengo ya Pumwani, mtaa ulioanza miaka ya 1920 kwa nyumba za udongo na fito zilizojengwa kwa ramani ya nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku.

Yako majina mengine mawili hapo karibu ambayo watu huyataja kila siku bila kuyafikiria. La kwanza ni Kariokor, ambalo ni Carrier Corps lililotiwa ulimi wa Kiswahili, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Hicho ndicho kikosi cha wachukuzi wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, waliobeba risasi na chakula kichwani kwa sababu magari hayakupita porini na mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo. La pili ni Burma, lile soko la nyama. Huko Burma ndiko vijana wa King's African Rifles, au Keya kama wazee walivyoita, walikopigana na Wajapani mwaka 1944 katika Vita vya Pili.

Kwa hiyo anayekwenda kununua nyama Burma na vyondo Kariokor amepita katikati ya vita viwili vya dunia. Muulize muuza nyama kwa nini soko linaitwa hivyo. Huenda akakujibu, huenda akacheka tu. Hapo ndipo maktaba inapoingia.

Nairobi ina maktaba kongwe ya McMillan, iliyojengwa 1931 katikati ya mji, yenye simba wa mawe mlangoni na sheria yake peke yake ya kuilinda. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Fikiri jambo hilo: askari aliyerudi Burma akiwa na nishani kifuani hangeweza kuingia kusoma gazeti lililoandika habari za vita alivyopigana yeye mwenyewe. Baadaye maktaba ikaja chini ya baraza la mji, na matawi yakafunguliwa Kaloleni na Makadara. Miaka ikapita, mapaa yakavuja, vitabu vikachakaa.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata wakakubaliana na serikali ya kaunti kuzifufua maktaba hizo tatu. Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na zinatumika. Kazi hiyo haikuwa ya rangi na rafu pekee. Picha na magazeti ya kale yamepigwa skani, na wakaazi wameitwa kuketi na kusimulia historia ya mitaa yao. Kaloleni ina mengi ya kusimulia. Ulijengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake wa jamii ulikuwa mahali pa mikutano ya siasa wakati wa kupigania uhuru, hata watu wakauita bunge.

Mtu atauliza, si tuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa? Tunayo, na ina faida kubwa. Lakini nyaraka za serikali ziliandikwa na wakubwa. Zitakwambia kikosi fulani kilivuka mto tarehe fulani. Hazitakwambia mchukuzi alikula nini siku ile, wala mkewe alilimiwa shamba na nani, wala alirudi nyumbani akakuta nini. Hayo yamo vifuani mwa watu, na mzee wa miaka tisini hatapanda matatu kwenda mjini kuyatoa. Maktaba ya mtaani iko hatua chache kutoka kibarazani kwake. Haina kiingilio, haina kabila, haina chama.

Hilo la mwisho lina uzito sana Eastlands, kwa sababu huko askari wazee si wa namna moja. Yuko wa Keya. Yuko wa Mau Mau. Ziko familia ambazo tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni ya Waingereza iliyoitwa Anvil, ziliamshwa na wanajeshi, wanaume wakapangwa mistari na kupelekwa kizuizini kwa maelfu. Na wako waliokuwa upande wa serikali siku hiyo hiyo. Pengine mtu mmoja amepitia mawili: Waruhiu Itote, Jenerali China, alipigana Burma akiwa Keya kabla ya kuingia msituni. Yeye alijaaliwa kuandika kitabu chake. Wengi hawakuandika hata barua. Nyumbani kwa mmoja wao mwingine hataingia, lakini maktabani wote wanaweza kusikilizwa, kila mtu kwa siku yake.

Sasa sisi wa pwani yatuhusu nini? Simama Kenyatta Avenue mbele ya ile sanamu ya askari watatu. Mmoja ni wa Keya, mmoja ni mchukuzi, na wa tatu ni wa Arab Rifles, kikosi kilichoundwa Mombasa kwa vijana wa pwani na kuongozwa na Meja Wavell, aliyeuawa Mwele, Kwale, Januari 1916. Maandishi chini ya sanamu, kwa Kiswahili na Kiarabu pamoja na Kiingereza, yanaahidi kwamba mwenye kufa vitani watoto wake watamkumbuka kwa jina. Tafuta hayo majina. Hakuna hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Tena meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini Februari 1944, na tarehe 12 ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani baharini. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Iliondoka bandarini kwetu. Ni watoto wangapi wa shule za Mombasa wanaolijua jina lake?

Nami sina haki ya kumlaumu mtu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, ndani mna nishani na karatasi zake za kuachishwa jeshi. Sisi wajukuu tuliichezea ile nishani hadi ikapotea. Karatasi zililiwa na mchwa. Alipofariki tulimzika baada ya sala ya alasiri, na kati ya watu wote waliokuja kuzika hakuna aliyeweza kutaja namba ya kikosi chake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu imepotea hivyo.

Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 sasa yuko karibu na miaka mia. Waliobaki ni wa kuhesabu. Lakini wake, mabinti na wadogo zao wapo, nao walisikia mengi. Kazi yenyewe si ngumu. Omba idhini kwanza, na mzee aamue lipi litoke na lipi libaki. Mwache aseme kwa lugha anayoota nayo. Usianze kwa swali la "vita vilikuwaje". Anza na kitu cha kushika: picha, nishani, kofia, barua. Mpe muda, na akinyamaza usimkatize, kwani yako mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Ukimaliza, linganisha tarehe na nyaraka, kwa maana kumbukumbu huchanganya miaka. Mzee akisema 1942 na kitabu kikisema 1944, usimsahihishe mbele ya watu. Andika zote mbili na ueleze. Andika pia jina la anayesimulia, la aliyerekodi, mahali na siku. Kisha nakala moja ibaki kwa familia, na nyingine iwekwe maktaba. Simu huibiwa na huanguka majini, na sauti iliyo kwenye simu moja tu haijahifadhiwa.

Maktaba nasi tunazo. Tuna misikiti yenye vyumba, na tuna vijana wenye simu nzuri kuliko kamera za waandishi wa zamani. Kama mtaa wa Kaloleni wa Nairobi, wenye shida zake zote za maji na nyumba, umeweza kuwaketisha wazee wake na kuwasikiliza, Kaloleni yetu na Makadara yetu zina udhuru gani?

Baada ya Ijumaa hii, ukipita kumsalimia bibi au babu, muulize kama kuna sanduku chini ya kitanda. Mwombe alifungue mwenyewe, nawe uwe na kalamu.